MGB ya 1971 ya kufunua paa, imelala bandani tangu 2009: niichukue au niiache? (uzi mrefu, mafundi wa bodi piteni hapa)

Mtoto wa Gerezani

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni. Huu uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke mpaka swali kule chini, ila fundi wa bodi nakuomba usome yote maana bila haya maelezo swali lenyewe halieleweki.

Mi nipo Birmingham mwaka wa kumi na moja sasa, kazi yangu ufundi wa mabasi, zamu za usiku. Toka nimefika huku nina hamu ya gari moja tu, MGB ile ya wazi. Najua kuna watakaosema chukua Mazda MX-5 uendeshe kesho yake, sawa ni gari nzuri sina ubishi, ila mjomba aliyenilea na kunifundisha kushika spana pale Gerezani, Dar, alikuwa na kalenda ukutani gereji, miezi yote imeshachanwa imebaki picha tu, gari nyeupe haina paa, taa mbili za duara, kioo cha mbele kifupi. Nimekua naiangalia ile picha kila nikitoka shule. Mjomba mwenyewe hajawahi hata kuigusa gari ya namna hiyo, yeye maisha yake ni Land Rover na Peugeot 504.

Kwa wasioijua, MGB ilitoka 1962 ikatengenezwa Abingdon kule Oxfordshire mpaka 1980, zaidi ya laki tano ukijumlisha na zile GT za paa la bati. Ndo maana mpaka leo spea zake zipo, tena mpya, toka bushi mpaka milango. Injini 1798 cc ya petroli, familia moja na zile za Morris Oxford na Austin Cambridge ambazo wazee wetu wanazijua, kabureta mbili za SU, nyuma springi za bapa kama za pikapu. Hakuna kompyuta hata moja humo, fundi mwenye spana za inchi na akili timamu anaimaliza yote.

Sasa hii niliyoiona ipo kijiji kimoja Worcestershire, kama saa moja toka kwangu. Anauza kijana, anasema ilikuwa ya babu yake, mzee uzee ulimzidi akaacha kuendesha 2009 ikaingia bandani na haijatoka tena. Anataka pauni 4,500. Nimeenda Jumapili nimekaa pale masaa matatu na nusu, kijana muungwana sana, aliniachia nikakagua nitakavyo na chai akaniletea.

Nianze na mazuri. Namba ya chasi inaanza na GHN5 na inalingana na kadi. G ni MG, H ni daraja la ukubwa wa injini, N ni gari ya wazi ya watu wawili, ingekuwa GT hapo pangesoma D. Haina L wala U, maana yake ni usukani wa kulia toka kiwandani, siyo iliyorudishwa toka Marekani ikageuzwa. Bampa za kromu, yaani ni ya kabla hawajaweka yale mabampa meusi ya mpira mwishoni mwa 1974 na kuinyanyua juu kufuata sheria za Marekani. Rangi kwa nje nyekundu, ila nilipoinua zulia la buti nikakuta nyeupe. Nikafungua na kule chini ya dashibodi, nyeupe. Wakuu hapo moyo ulienda mbio, nikabidi nitoke nje kwanza nitulie maana ukikagua gari huku unaipenda macho yanakuwa hayaoni.

Injini: nikatoa plagi zote nne, nikamimina oili kidogo kwenye kila silinda, nikaiacha inywe huku naangalia mambo mengine. Baadaye nikaweka gia ya nne nikaisukuma mbele nyuma, ikazunguka, kwa hiyo haijaganda. Betri za hii ni mbili za volti 6 zinakaa nyuma ya viti, zote zimeoza mpaka vikasha vyake chini vimetoboka, nikavuta nyaya toka kwenye van yangu. Kwa staata tu, plagi zikiwa nje, geji ya oili ikapanda mpaka 40. Kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa kwenye kila silinda, 145, 140, 85, 145. Hiyo 85 ni silinda ya tatu, na kumbukeni zote zina oili humo ndani tayari, ringi mbovu zingejificha, kwa hiyo hiyo ni valvu. Hilo halininyimi usingizi kabisa, hedi natoa na naweka siti ngumu za valvu, kitu ambacho ningefanya tu hata ingekuwa nzima maana huku petroli yenye risasi iliondolewa 2000 na hedi za zamani ziliitegemea.

Klachi imeshika, breki zote za kufumua, tenki lina harufu ya rangi iliyochacha, turubai la paa limechanika na kile kidirisha cha plastiki cha nyuma kimekuwa cha kahawia kama chai ya rangi. Ila mifupa ya paa ipo yote na inafunguka, hiyo ni muhimu, turubai jipya linanunulika.

Sasa bodi, ambayo ndo sababu ya uzi.

Nilikuwa na sumaku ya friji nimeifunga kwenye kitambaa isikwaruze. Nikaanzia juu ya ubawa wa mbele, inashika vizuri. Nashuka nayo taratibu nyuma ya tairi, nikifika kama shubiri moja toka chini, inadondoka. Upande wa pili hivyo hivyo. Nikampigia mjomba video. Akasema sogeza simu karibu na bati, gonga kwa kifundo cha kidole. Nikagonga juu. Akasema gonga katikati. Nikagonga. Haya gonga chini. Nikagonga, akakaa kimya, halafu akasema "hapo siyo bati tena mwanangu, hapo unagonga udongo."

Mlango wa dereva unakwaruza nguzo ya nyuma, lazima uuinue kidogo ndo ufunge. Kijana anasema bawaba zimechoka. Nikapima nafasi ya mlango upande wa nyuma, juu milimita 2, chini milimita 6. Nikaweka jeki na kipande cha ubao pale pa kupigia jeki chini ya kizingiti, nikainua mpaka tairi zikaanza kuwa nyepesi. Wakuu, mlango ukafunga kwa kidole kimoja. Juu ikasoma 5. Nikashusha jeki, ukakwaruza tena. Nimerudia mara tatu kwa sababu sikutaka kuamini.

Kwa ambao hamjaiona hii gari chini, haina chasi ya peke yake, bodi yenyewe ndo chasi, na haina paa la kusaidia, kwa hiyo vile vizingiti viwili chini ya milango ndo vinavyoshikilia mbele na nyuma visiachane. Kila kizingiti ni bati la nje, bati lililosimama katikati, bati la ndani, na chini yake reli yenye umbo la ngazi ngazi. Mimi kule chini sikuona ngazi yoyote, nimekuta bati moja laini limepakwa lami nene nyeusi toka mwanzo mpaka mwisho.

Swali: 4,500 najua hapana. Je kuna bei ambayo hii gari ina maana, au niachane nayo? Gereji yangu ya kukodi ni mita 5 kwa 2.6, umeme upo, mashine ya kuchomelea ninayo na naijua.

Nahodha wa Bagamoyo

Mkuu mi siyo mtu wa magari ila hapo kwenye mlango umeniamsha. Hiyo gari yako imevunjika mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo. Jahazi likivunjika mkuku ukiwa majini utaona mbao za juu zinaachia, mtu wa juu juu anahangaika na kalafati kila siku, anaziba huku panafunguka kule, kumbe tatizo lipo chini kabisa. Bawaba za mlango hazina kosa hapo. Na kama utaichukua, usikate kitu chochote kabla hujaiwekea magadi, yaani nguzo za kuitegemeza, chombo kikipandishwa pwani kinategemezwa kwanza ndo fundi anashika tezo, ukikosea hapo kinapinda na hakirudi tena kwenye umbo lake maisha.

Mtoto wa Gerezani

Nahodha asante sana, hayo magadi nimeyaandika kwenye daftari kabisa.

dada_spana

Salaam kutoka Mombasa. Mimi nafanya bodi Changamwe, mwaka wa kumi na nne. Nitakwambia wazi kwa vile naona umeuliza kwa nia safi. Usinunue hiyo. Sisi pwani tunaijua kutu, upepo wa chumvi unakula gari mchana na usiku, na kitu kimoja nimejifunza ni kwamba kutu unayoiona ni kidogo sana kuliko ile iliyoko ndani. Sumaku imeanguka pande zote mbili, mlango unapumua milimita tatu, vikasha vya betri vimetoboka, hapo bado hujaangalia mahali springi za nyuma zinaposhikiliwa mbele, bado hujaangalia sakafu chini ya zulia, bado pembe za nyuma ya mlango. Hedi ya injini utatengeneza wiki moja. Bodi utatengeneza mpaka mtoto aingie sekondari.

Ushauri wangu tafuta MGB ambayo injini imekufa kabisa, hata isiwe nayo, lakini bodi ni kavu. Watu wengi wanafanya kinyume, wanasikia injini inanguruma wanalipa. Injini ya hiyo gari ni ya chuma tupu na iko kila mahali. Nimeenda Nairobi mara mbili kuangalia Concours d'Elegance pale Ngong, gari za zamani zimepangwa zinang'aa, na majaji wanapiga magoti wanaangalia chini. Piga magoti na wewe.

Mswahili wa Leicester

Mdogo wangu hongera kwa ukaguzi, umefanya vizuri kuliko nilivyofanya mimi. Mi nina GT ya 1973, niliivua yote mwenyewe kwa hiyo naongea nilichokiona.

Jambo la kwanza. Hilo bati laini lenye lami ni kizingiti cha kubandika. Kazi ya haki ya kizingiti cha MGB ni lazima mabawa ya mbele yatoke, hayo yamefungwa kwa bolti so ni usumbufu tu, ila bawa la nyuma limechomelewa, pale chini lazima likatwe maana kizingiti kinaingia ndani yake. Sasa fundi mwenye haraka hafanyi hivyo, anachukua bati jipya la nje anavalisha juu ya bovu toka ukingo hadi ukingo, anapiga puti kwenye maungio, anapaka lami, siku hiyo hiyo gari inatoka. Kwa nje utaona imenyooka. Ndani kutu inaendelea kula na sasa imefungiwa na maji.

Jambo la pili na hili fanya leo leo kabla hujalala. Ingia tovuti ya serikali ya historia ya MOT, ule ukaguzi wa gari wa huku, weka namba ya gari. Ukaguzi wa kila mwaka ulianza kuingizwa kwenye kompyuta miaka ya 2005 na 2006, hiyo yako iliendeshwa mpaka 2009 lazima ipo. Huko hakuna stori za babu, kuna tarehe na sababu.

Jambo la tatu, funga mfuko. Kwenye bei shuka, usipande.

kijana_wa_tabata

Samahani wakuu niulize, kwani hawauzi bodi mpya nzima? Mkuu kasema spea zote zipo, si anunue bodi ahamishie vitu?

Mtoto wa Gerezani

Zipo mkuu, British Motor Heritage, siku hizi wapo Witney, wanatengeneza bodi nzima ya MGB toka 1988, tena kwa kutumia mashine za kiwandani zilizookolewa. Ila bei ni zaidi ya pauni elfu 10, bado rangi, bado kila kitu kingine. Nzuri zinazotembea nilizoziona mimi mwaka huu zinauzwa kati ya elfu 8 na 12. Kwa mfuko wangu haiingii.

Kaka wa Leicester naingia huko kwenye MOT sasa hivi.

Mtoto wa Gerezani

MREJESHO. Wakuu nimekaa na simu mpaka saa nane usiku.

Juni 2008 gari ilifeli. Sababu mbili za kwanza: kutu kwenye sehemu inayobeba uzito ndani ya sentimita 30 toka mkanda wa kiti unaposhikiliwa, kushoto. Ya pili maneno yale yale, kulia. Siku tisa baadaye imefaulu. Siku tisa! Ilivyofika 2009 haikupelekwa tena.

Maili: 2006 ilisoma 61,200, hiyo 2008 inasoma 61,900. Maili mia saba kwa miaka miwili, mzee alikuwa anaitoa siku za jua tu.

Kwa hiyo siyo kwamba mzee aliiacha kwa sababu ya uzee peke yake. Nadhani alilipa pesa, akarudishiwa gari imepakwa lami, akaiendesha mwaka mmoja akasikia mlango umeanza kugoma, akajua. Kijana simlaumu, hiyo 2008 alikuwa mtoto, anasema alichoambiwa nyumbani. Lakini nimewaza sana kuhusu huyo mzee. Mtu anaipenda gari yake anaipeleka kwa mtu anayemwamini, halafu anarudishiwa kitu kimefunikwa.

dada_spana

Sasa umeona. Siku tisa, vizingiti viwili, haiwezekani kwa kazi ya haki, mimi na vijana wangu watatu hatuwezi.

Lakini ngoja niseme na upande wa pili, nisikuvunje moyo tu. Sasa unajua ubaya uko wapi. Gari ambayo unajua ubaya wake ina bei. Ile ambayo hujui ndiyo haina bei, hata ukipewa bure. Kama bado roho yako iko pale, rudi na vitu viwili, bisibisi na ile kamera ndogo ya waya inayoingia kwenye shimo, siku hizi ni bei rahisi. Omba ruhusa ya kupenya kizingiti kwa ndani, kwenye yale matundu ya kutolea maji au palipotoboka. Angalia kama lile bati la katikati liko. Likiwa liko hata nusu, una kitu cha kupimia na kushikia. Likiwa halipo kabisa, mwache kijana na gari yake, mwambie asante kwa chai. Na ukamate zile sehemu za springi za nyuma kwa mkono wako mwenyewe, usiangalie kwa tochi, shika, bonyeza kwa gumba.

Mswahili wa Leicester

Sikiliza huyo dada. Na mimi niongeze, ukishamaliza nyuma nyanyua mbele, shika tairi juu na chini utikise. MGB mbele ina pini zinazotaka grisi kila maili 3,000, iliyolala miaka yote hii lazima grisi imekuwa jiwe. Zikigonga ni pini mpya na bushi za kuchonga, siyo pesa ya kutisha lakini iingie kwenye hesabu.

Kuhusu hesabu, mimi kila upande wa kizingiti ulinichukua kama masaa 60, wikendi na wikendi, na nilikuwa sijui kuchomelea vizuri mwanzoni. Mabati yenyewe siyo ghali, ghali ni masaa. Kwako masaa ni yako, kwa hiyo ukipiga bei usijidanganye kuwa masaa hayana thamani, yahesabu, halafu uamue mwenyewe kama unayatoa kwa mapenzi.

kijana_wa_tabata

Na swali lingine wakuu kama hamjachoka, hiyo ikishapona italazimika kwenda huo ukaguzi tena?

Mswahili wa Leicester

Huku gari ikivuka miaka 40 na haijabadilishwa kwa kiasi kikubwa, toka 2018 hailazimiki MOT, na kodi ya barabara hulipi. Ila mi yangu naipeleka kila mwaka hivyo hivyo. Nataka macho ya mtu mwingine chini ya gari ninayopakia watoto.

Mtoto wa Gerezani

MREJESHO WA PILI. Nimerudi Worcestershire, safari hii nimeenda na ovaroli.

Sakafu ya dereva inapitisha bisibisi kama mkate, ya abiria ni nzima. Springi za nyuma, kulia pazima kabisa nimebonyeza mpaka gumba limeuma, kushoto kuna kutu ya juu, nikikwangua nakutana na chuma kinachong'aa. Pini za mbele zote mbili zinagonga. Kamera nikaipitisha upande wa kushoto kwanza, na nitawaelezea kama nilivyoona: unaingia gizani, unapita vumbi la kahawia limelala chini kama mchanga, halafu pembeni unaona lile bati la katikati, chini limelika lina meno meno kama msumeno, ila juu limesimama, limesimama toka mbele mpaka karibu na nguzo ya nyuma. Kulia ni hivyo hivyo ila robo ya mbele haipo kabisa, unaona moja kwa moja mpaka bati la kubandika kwa ndani, na mistari ya kuchomelea yenye madoa madoa, wameshika hapa wameruka pale.

Nikamuita kijana nikamwonyesha kwenye simu. Nikamfungulia na ule ukurasa wa MOT wa 2008. Alisoma kimya muda mrefu, akasema babu alikuwa anakaa bandani kwenye kiti cha dereva siku zingine, hawashi, anakaa tu. Sikumpiga bei hapo hapo wakuu, sikuweza. Nilimwambia ukweli wangu, kwamba kwa hali hii kwangu mimi ina thamani ya pauni 1,400, na nikamwandikia kwenye karatasi kila kitu kinachotakiwa ili akipata mnunuzi mwingine amwonyeshe naye asidanganyike.

Nikaondoka.

Nahodha wa Bagamoyo

Umefanya la kiungwana. Nipo nasubiri.

dada_spana

Robo ya mbele kulia haipo, hiyo nimeipiga hesabu, inatengenezeka kama kushoto kuna kipimo. Ukiipata, anza kushoto. Usianze na ule mbaya.

Mtoto wa Gerezani

MREJESHO WA TATU, samahanini nimepotea zamu zimebana.

Baada ya wiki tatu kijana alipiga simu. Walikuja watu wawili, mmoja alitaka injini na kabureta tu, kijana abaki na bodi, mwingine alitaka kuikata kwa spea. Akasema hataki ikatwe. Tumekubaliana 1,600 na akanipa na boksi la vitu vya babu, risiti, kitabu cha gari, funguo ya akiba na nyundo ya shaba ya kugongea nati za rimu za spoki, ambayo haina hata kazi kwenye hii maana rimu zake siyo hizo. Nimeichukua hivyo hivyo nyundo.

Gari ipo gereji. Nimefuata magadi ya Nahodha: haijapanda juu ya vigingi ovyo, imekaa kwenye miguu yake yenyewe, nimetia jeki katikati mpaka milango yote imesoma milimita 4 juu na 4 chini, nikafunga milango, nikapima tena asubuhi yake kama imehama, haikuhama. Halafu ndo nikatoa milango na kuchomelea vyuma vya pembe nne kukatiza uwazi wa kila mlango, viwili viwili, toka nguzo ya mbele kwenda ya nyuma. Hatua zote nimeziandika kwa penseli kwenye ukuta wa gereji na tarehe.

Bawa la mbele la kushoto lilikuwa na bolti nane zilizokatika, dada_spana ulisema kweli kuhusu kutu isiyoonekana, nyuma yake kulikuwa na udongo mkavu umejaa mpaka juu, nimetoa ndoo moja na nusu. Udongo wa barabarani wa miaka mingi, ulikuwa unashika maji pale pale juu ya kizingiti. Nilipokata bati la kubandika nikakuta chini yake bati la zamani jekundu, na chini ya hilo la zamani zaidi, lina rangi nyeupe bado.

Mswahili wa Leicester

Ndoo moja na nusu, na yangu ilikuwa hivyo hivyo. Kumbuka kupiga nta ndani ukishafunga, na matundu ya maji uyaache wazi usije ukayaziba na lami.

Mtoto wa Gerezani

MREJESHO, kushoto kumekamilika. Bati la katikati, la ndani, reli ya ngazi, la nje, bawa la nyuma nimelikata pale chini na kulirudisha. Imenichukua wikendi tisa. Jana nimekata vyuma vya mlango wa kushoto, nikarudisha mlango, nikashusha jeki yote gari ikae yenyewe. Nafasi juu 4, chini 4. Nikaweka jeki pale pa jeki nikainua, juu 4, chini 4.

Nikampigia mjomba, kwao ilikuwa jioni, nasikia honi za Gerezani nyuma yake. Akasema sogeza simu. Nikagonga juu ya ubawa, nikagonga katikati, nikashuka nikagonga chini pale pale pa siku ile, likalia kama sahani.

Akakaa kimya, nikadhani mtandao umekata.

"Gonga tena," akasema.